Kioo Mdomoni mwa Kisima

Kila asubuhi, kabla ya chai, Haiche alichukua kioo cha Mama na kutoka nacho uani. Kilikuwa kioo cha mviringo chenye ua jekundu mgongoni, zawadi ya harusi ya Mama, lakini Haiche hakukitoa ili ajitazame. Alifungua kufuli la kisima, akaondoa kifuniko, akapiga magoti, kisha akalinasa jua kwa kioo na kulielekeza chini mpaka mwanga ukatua juu ya maji.

"Yamefika wapi?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Chini ya jiwe jeupe."

"Haya, leo hakuna kufua. Na uso unanawiwa kwa kiganja kimoja."

Kwetu Hongya hakuna mto wala chemchemi ya maji matamu. Visima vyetu ni vya kuwekea mvua. Ni mashimo yenye mdomo mwembamba na tumbo pana, yaliyokandikwa udongo mwekundu ndani. Mvua ikinyesha, maji ya uani yanaingia humo, na hayo ndiyo utakayokunywa mpaka mvua nyingine. Mtu akija kuposa kwetu hatazami kondoo wala nyumba. Anaomba kioo, anamulika kisima, ndipo anakaa kunywa chai; na wazazi wa binti nao humulika cha bwana harusi. Na hata kiu ikuzidi vipi, maji ya mwisho kule chini hayachotwi. Tunayaita maji ya mama. Hayo ndiyo yanayoulinda udongo usipasuke, maana kisima kikikauka hupasuka, na kikipasuka kimekufa.

Haiche alikuwa darasa la nne, na shule ya Hongya iliishia hapo. Aliyetaka la tano alishuka mjini kulala bweni, na bweni lilitaka pesa. Wavulana wachache walishuka. Wasichana walibaki kuchunga kondoo, wakingoja siku ya watu wa posa kuja na kuomba kioo. Haiche hakutaka posa ya mtu. Alitaka darasa la tano.

"Wewe utaolewa na ubao," rafiki yake Saifuye alimtania njiani. "Mahari yako chaki."

"Afadhali chaki kuliko yule kaka yako anayenuka mbuzi!"

"Kaka yangu mwenyewe hakutaki. Anasema utamsahihisha mpaka usingizini."

Aliyemtia moyo Haiche kuliko wote alikuwa mjomba wake, Dawude, kiongozi wa kijiji. Katika Hongya nzima yeye peke yake ndiye aliyemaliza sekondari, na ndiye aliyemfundisha Haiche kuzidisha kwa kupanga viazi juu ya kitanda cha udongo tunachopasha moto wakati wa baridi. Kusoma kwake kulikuwa na historia. Wazazi wao walipokuwa na uwezo wa kumsomesha mtoto mmoja tu, dada mtu, yaani Mama yake Haiche, alibaki kuchunga ili mdogo wake aende. Mwaka mmoja alikata hata nywele zake akaziuza, Dawude apate viatu vya shule.

"Sijuti hata kidogo," Mama alipenda kusema. "Mimi sijui kusoma, lakini macho yangu ninayo. Macho yangu ni Dawude."

Mwaka huo serikali ilikuwa imeleta saruji ya kujengea shule kisima. Wilaya ilikuwa imesema wazi kwamba haitapeleka mwalimu wa darasa la tano kwenye shule isiyo na maji. Kijiji kizima kilichimba, wanawake kwa wanaume. Kazi ya kupiga saruji ndani Mjomba Dawude aliichukua mwenyewe, na mafundi wawili aliowaleta kutoka mbali. Ilikuwa wakati wa kuvuna viazi, watu wote wako mashambani, na hakuna aliyekwenda kuchungulia. Ya nini? Si Dawude alikuwepo?

Theluji ya mwaka ule ilipaka ardhi tu kisha ikayeyuka, na majira ya kuchipua yalipofika mvua haikuonekana. Ndipo Mjomba alipoita mkutano uwanjani pa shule.

"Ndugu zangu, wakaguzi wa wilaya wanakuja," alisema. "Kisima chetu kimekamilika, ila mbingu imetunyima. Wakikikuta kitupu, darasa la tano litapelekwa kijiji kingine. Kwa hiyo naomba kila nyumba ilete maji. Tunaiazima shule tu. Mvua ikija, kila mtu atarudishiwa."

"Na hakivuji hicho?" mzee mmoja aliuliza.

"Kivuje? Saruji tupu, juu mpaka chini! Nimesimama pale mwenyewe. Jamani, mnaniuliza mimi swali hilo?"

Watu wakaona haya kwa kuuliza.

Nyumbani kwa kina Haiche maji yalikuwa yamekwisha shuka hadi maji ya mama. Mama alisimama mdomoni mwa kisima na ndoo mkononi, hachoti wala haondoki.

"Baba yako angekuwepo ningemuuliza," alisema. Baba alikuwa mjini huko, kwenye kazi za ujenzi. "Haya hayachotwi, mwanangu. Unajua."

"Ni kwa muda mfupi tu, Mama. Mjomba amesema yatarudi." Haiche alimshika mkono. "Ni darasa la tano, Mama. Kwani Mjomba anaweza kutudanganya?"

Mama akacheka. "Dawude? Yule nimembeba mgongoni." Akateremsha ndoo.

Siku ya wakaguzi Haiche ndiye aliyechaguliwa kuchota. Aliyeongoza msafara alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani na sauti ya upole, na watu walimwita Bibi Mkaguzi. Haiche alivuta kamba, akamimina maji kwenye bakuli, akampa kwa mikono miwili. Bibi Mkaguzi alikunywa yote. Akatazama mdomo wa kisima uliosakafiwa vizuri, akatazama maji yaliyokuwa yakimetameta karibu tu, akasema, "Hongya mmejitahidi. Mna kiongozi."

Mjomba alimpapasa Haiche kichwani mbele ya watu wote. Haiche alijiona amefika.

Haukupita muda mrefu, ndoo ya shule ikaanza kupanda na tope. Kisha ikapanda tupu. Nyumbani nako, Haiche alipomulika kisima asubuhi moja, mwanga haukukuta maji. Ulitua juu ya udongo uliopasuka vipande vipande. Alimwita Mama. Mama alitazama mara moja tu, akafunika, akaenda kumtia punda matandiko.

Toka siku ile maji yalifuatwa kwa punda kule bondeni, maji machungu ya chumvi, kwenda na kurudi nusu siku. Mama alikuwa na shamba na kondoo. Nani mwingine angekwenda? Haiche aliacha shule. "Kwa muda tu," Mama alisema, lakini hakumtazama usoni aliposema hivyo. Mjomba naye alikuwa akiwapelekea ndoo mbili kila Ijumaa, na Mama alimshukuru mpaka machozi yakamlengalenga.

"Umaskini wetu unatoka juu, dada," Mjomba alisema, akionyesha mbingu. "Sisi tufanyeje?"

Siku moja Haiche alipokuwa akipita na punda wake, Mwalimu Bai alimwita. Mwalimu Bai alikuwa kijana aliyetoka mjini, mwalimu wa muda, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu kama ya wanafunzi wake.

"Haiche, wewe si ndiye huwa unashushwa visimani kusafisha tope?"

"Ndiye mimi, Mwalimu."

"Ningeshuka mwenyewe, ila mimi ni mzito kwa watoto hawa kunishikilia kamba. Nataka kujua maji ya shule yalikwenda wapi."

Walimfunga kamba kiunoni, Mwalimu na wavulana wawili wakamshusha polepole. Alipapasa ukuta. Mwanzoni palikuwa na saruji, ngumu na laini. Alishuka urefu wa mkono, saruji ikaisha. Chini yake palikuwa na udongo mtupu wa manjano, uliolowa kisha ukakauka. Hapakuwa hata na udongo mwekundu wa kukandika. Kidole chake kilizama humo bila kusukuma. Mafundi walikuwa wamesiliba saruji pale tu ambapo jicho la mtu aliyeinama linafika.

Akiwa ananing'inia mle ndani, alikumbuka kisima kingine. Mwishoni mwa vuli, Mjomba alipomwoza mwanawe, Haiche ndiye aliyeshushwa kufuta vumbi kwenye kisima kipya cha nyumba ya maarusi. Chote kilikuwa saruji, kimesuguliwa kikang'aa, na sauti yake ilikuwa ikimrudia kutoka pande zote. Mjomba alisema saruji ile aliinunua mjini. Haiche alimsifu. Alimwimbia hata wimbo mle ndani!

"Umeona nini?" Mwalimu aliuliza alipotoka.

Haiche alikaa chini akalia kwa hasira. Alilia kwa ajili ya ndoo ile aliyomsihi Mama ateremshe. Mjomba alijua maji yale yangezama. Alisimama pale uwanjani akijua, na akamwacha dada yake achote maji ya mama.

Kisha akamweleza Mwalimu Bai yote. "Nilikuwa na shaka," Mwalimu alikiri. "Niliomba kuchungulia, nikaambiwa nifundishe tu, mengine niwaachie wenyewe. Nikisema leo, watasema mgeni anagombanisha ndugu. Mwambie mama yako."

Mama hakutaka kusikia. "Funga mdomo wako!" alifoka, na mkono ulikuwa umekwisha inuka. "Huyo ni mjomba wako. Maneno hayo umeyaokota wapi?"

"Kidole changu, Mama. Kiliingia ukutani."

Mama aliushusha mkono. Alichukua kioo, akajitanda kitambaa chake, akatoka peke yake kwenda kisima cha shule jua la mchana lilipokuwa wima. Aliporudi hakupika. Alikaa kitandani na kioo mapajani, akizishika nywele zake chini ya kitambaa kama mtu anayetafuta zilizokatwa zamani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema hatimaye. "Nilisikia wazee wakisema, nikadhani wanawasema watu wengine."

Hakuna aliyemwendea Mjomba. Yeye ndiye aliyekuja, tena akiwa na furaha. Bibi Mkaguzi alikuwa akirudi kuzindua darasa la tano, na kulikuwa na habari kwamba Dawude atapandishwa cheo kwenda tarafani. Kuhusu maji wasiwe na wasiwasi, alisema. Safari hii angeyaleta mwenyewe alfajiri kutoka kisimani kwake.

"Haiche atachota tena," alisema. "Mkono wake una baraka. Eti, mpwa wangu? Nikipanda mimi, nawe nitakuvuta."

Haiche alimtazama Mama. Mama alikuwa akimenya kiazi.

"Atachota," Mama alijibu.

Siku ya uzinduzi kijiji chote kilikuwepo. Mikate ya kukaanga ilipangwa kwenye sinia, chai yenye tende ikamiminwa. Haiche alivuta ndoo, akamimina, akatoa bakuli kwa mikono miwili. Bibi Mkaguzi alikunywa, akatabasamu, akasema neno lake lile lile kuhusu kiongozi. Watu walipiga makofi, lakini makofi yenyewe yalikuwa mepesi. Midomo ya waliopiga ilikuwa na chumvi ya bondeni.

Haiche hakurudi mahali pake. "Bibi," alisema, "kwetu mgeni wa posa haonyeshwi ndoo. Anaonyeshwa kisima."

"Watoto hawa!" Mjomba alicheka. "Haya, mwanangu, nenda kakae."

"Wewe umekuja kuiposa shule yetu, Bibi. Hujamulika."

Mama alikuwa amekwisha kutoka kwenye kundi la wanawake, kioo mkononi. Alimpa Haiche. Mjomba akarudisha kifuniko haraka, akaweka mguu wake juu yake.

"Dada, mbele ya wageni?"

"Ondoa mguu, Dawude."

Hakupaza sauti. Alisema vile alivyokuwa akimwambia zamani, alipokuwa mtoto mgongoni mwake, na mguu ukaondoka wenyewe.

Haiche aliondoa kifuniko, akalinasa jua. Mwanga uliteremka juu ya saruji nyeupe, kisha ukagonga udongo wa manjano. Maji ya alfajiri yalikuwa yamekwisha pungua. Ukutani yaliacha alama mbichi pale yalipokuwa yamefika asubuhi. Bibi Mkaguzi alivua miwani, akaivaa tena, akainama. Wanakijiji walifuata, mmoja baada ya mwingine. Yule mzee aliyeuliza swali lake kwenye mkutano aliinuka, akatema mate pembeni.

"Kondoo wangu wanne wamekufa kwa kiu," alisema. "Nilikuuliza, Dawude. Ukaniona mjinga."

"Mnajua posa zetu!" Mjomba alifoka, jasho likimtoka. "Wakwe walitaka kisima cha saruji. Bila hicho mwanangu asingeoa. Ningefanyaje? Na kama mvua ingenyesha msingejua kitu. Kosa ni mvua! Sisi huku ni watu wa ukame, tumeumbwa na umaskini wetu."

Hapo Mwalimu Bai alisogea mbele, na midomo yake ile iliyopasuka ikawa na sauti ambayo hatukuwahi kuisikia.

"Mvua ni ile ile, kiongozi. Wingu linalopita hapa ndilo linalopita kijiji cha ng'ambo, na shule yao ina darasa la sita. Ukame tumepewa, sawa. Lakini saruji pia tulipewa. Aliyeipeleka kwingine si wingu." Akawageukia watu. "Na mimi nina lawama yangu, maana nilishuku nikanyamaza. Tulisomesha mtu mmoja tukampa macho yetu wote. Elimu ya mtu mmoja haitoshi kuwaongoza watu waliofumba macho. Ndiyo maana darasa la tano linatakiwa, ili awepo wa pili wa kuchungulia, na wa tatu, na wa ishirini."

Dawude hakwenda tarafani, na darasa la tano likangojea kisima kitengenezwe. Uongozi aliuvuliwa, na baraza liliamua kwamba maji ya kisima chake yanywewe na watoto wa shule mpaka mvua ije, ufunguo ukae kwa wanawake. Alitakiwa kulipa saruji, kisha akisilibe kisima cha shule kwa mikono yake, kijiji kikitazama. Safari hii watu walitazama kweli. Kila jioni mtu alipita na kioo, na Saifuye alikuwa akiuliza kwa sauti, "Mjomba, na hapo kwenye kona je?" mpaka watu wazima wakacheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa na uchungu.

Haiche hakucheka. Watu walimsifu, lakini moyo wake ulikuwa umevunjika. Viazi vikipangwa kitandani alimkumbuka mjomba wa zamani, akamtaka yule, akamkosa. Maji ya kisima cha Mjomba yalipogawiwa watoto, yeye alikunywa ya bondeni.

Kwa dada yake, Dawude hakuitwa. Alikuja mwenyewe, na udongo mwekundu kwenye toroli, akiwa amevaa nguo za kazi. Mama alimfungulia mlango bila salamu. Alishuka kisimani, akakwangua udongo uliokufa, akakandika mpya, akaugonga kwa nyundo ya mti kutwa nzima, siku baada ya siku. Mama alimpa chakula, kwa sababu mtu anayefanya kazi uani mwako hulishwa.

Siku aliyomaliza, mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya mlima, na uvumi wa ngurumo ulisikika mbali. Kijiji kizima kilikuwa nje na mafagio, kikifagia nyua zake ili mvua iingie visimani ikiwa safi. Dawude alipanda ngazi, akajifuta uso.

"Nimemaliza, dada. Udongo umeshika vizuri, juu mpaka chini."

Mama aliweka fagio chini. Akaingia ndani, akatoka na kioo, akamkabidhi Haiche.

"Mulika kabla jua halijafunikwa."

Uso wa Dawude ulisawijika. "Hata sasa huniamini? Dada, mimi ndugu yako?"

"Kukupenda nakupenda, Dawude. Nilikupenda hata nilipokuwa nachota maji ya mama kwa neno lako." "Kosa langu lilikuwa kudhani kumpenda mtu ni kufumba macho. Ningekuwa nakumulika tangu mwanzo, labda usingefika ulikofika. Mulika, mwanangu. Na ukiwa mkubwa, wakikupa saruji ya watu, uwape watu kioo wewe mwenyewe, kabla hawajakuomba."

Haiche alipiga magoti. Mwanga ulishuka, ukazunguka ukuta mzima, taratibu, kona kwa kona, mpaka chini kabisa. Mjomba alisimama kando akingoja, kichwa kimeinama, kama mwanafunzi ambaye daftari lake linasahihishwa.

"Umeshika, Mama," Haiche alisema.

Tone la kwanza likaanguka juu ya kioo.